Picha ya Mamba-Muntu

Wasomaji wetu wa Kalemie na wa kando ya Ziwa Tanganyika waijua picha hii: mwanamke mweupe, nywele ndefu, juu mtu, chini samaki, ameketi ukingoni mwa maji. Mkononi amevaa saa, na nyoka amejizungusha mwilini mwake. Ndiye Mamba-Muntu. Katika Katanga, ambayo jimbo letu lilikuwa sehemu yake mpaka mwaka 2015, picha za namna hii zilitundikwa katika nyumba nyingi miaka ya 1960 na 1970.

Je, alitoka katika ziwa letu? Sura yake ina safari ndefu. Katika miaka ya 1880, huko Hamburg, Ujerumani, kiwanda cha Friedländer kilichapa tangazo la mwanamke aliyechezesha nyoka mbele ya watu. Tangazo likafika Afrika ya Magharibi, na watu wakamwona ndani yake Mami Wata, mwenye maji. Mwaka 1955 likachapwa tena Bombay, Uhindi. Mkia wa samaki ni wa kale zaidi: katika kanisa la Zennor, Uingereza, kiko kiti cha mbao chenye nguva aliyechongwa, ameshika kitana na kioo. Naam, kanisani!

Lakini wachoraji wa Katanga walikuwa na neno lao. Masimulizi yasema, mtu akiokota kitana cha Mamba-Muntu au nywele zake, atamjia katika ndoto kuvidai. Hapo hupatana: mtu apate fedha, atunze siri, na mwishowe atoe roho ya ndugu. Twaona basi kwamba picha yasema juu ya mali iliyokuja upesi, isiyogawiwa jamaa.

Wengine watuuliza kama yafaa kuichoma. Sisi twasema, itazameni kwanza kando ya Medali ya Mwujiza, iliyotokana na maono ya Paris ya mwaka 1830. Hapo pia yupo mwanamke na nyoka, ila nyoka yuko chini ya miguu, na mikono ya Mama i wazi.

Hatari haiko ukutani. Jirani akinunua mota ya mtumbwi, watu hunong'ona. Mtoto wake akifa kwa malaria, mnong'ono huwa hukumu, na mama mfiwa hukosa hata wa kumtekea maji. Hiyo ndiyo dhambi. Wakati mwingine mota ile ililipwa kwa ndagala, kilo kwa kilo, na fedha za kuchangiana, na hesabu yake imo daftarini.