Utumbo Uliosingiziwa

Mama akileta mtoto mwenye tumbo kubwa, swali langu la kwanza halikuwa la tumbo. Nilimuuliza: "Mama, choo chake cha kwanza alikipata lini?" Wengi walinitazama kwa mshangao. Mtoto ana miaka miwili, nesi anauliza mambo ya siku ya kuzaliwa! Lakini choo kile cheusi, kinachonata kama lami, kwa kawaida hutoka ndani ya saa 24, na akichelewa sana, saa 48. Mama akijibu, "Siku ya nne, tena bibi yake alimtia kipande cha sabuni," mimi nilishajua tunakoelekea.

Nimestaafu nikitokea wodi ya upasuaji wa watoto, na ugonjwa huu tuliuita kwa jina linalokwama mdomoni: Hirschsprung. Akina mama walikuwa na lao, chango. Kabla ya kufika kwetu mtoto alikuwa amekwisha kunyweshwa mafuta ya nyonyo, dawa za minyoo na maji ya mizizi. Tumbo limewamba kama ngoma, miguu vijiti. Wengine walianzishiwa uji wa lishe wakidhaniwa wana kwashakoo. Sikuwalaumu. Wakubwa wa udaktari wa Ulaya na Marekani walipotea njia kwa miaka sitini hivi, nao walikuwa na visu mkononi.

Harald Hirschsprung alikuwa mtoto wa tajiri wa tumbaku wa Copenhagen, akaacha biashara ya baba na kusomea udaktari. Aliongoza hospitali ya watoto ya Malkia Louise. Inasimuliwa kwamba malkia alitaka maneno ya Biblia juu ya vitanda, daktari akataka picha za wanyama. (Kwa hilo tu ningekubali kufanya kazi chini yake.) Mwaka 1886, mjini Berlin, aliwaeleza wenzake habari za wavulana wawili waliokufa kabla ya kutimiza mwaka. Utumbo wao mpana ulikuwa umetanuka kupita kiasi na kuta zake zimenenepa, ila kipande cha mwisho, karibu na njia ya haja, hakikutanuka. Yeye aliona ugonjwa uko pale palipotanuka. Alifariki mwaka 1916 akiamini hivyo.

Nani angemkatalia? Nimesimama chumba cha upasuaji mara nyingi, na kila mara jicho linakimbilia ule utumbo mnene kama mkono wa mtu mzima. Kipande cha chini kimetulia, chembamba, hakina dalili ya kosa. Basi wapasuaji wakawa wanakata uliovimba na kuunga. Mtoto anarudi nyumbani, tumbo linajaa upya. Miaka ya 1920 wengine wakakata neva zinazotoka mgongoni kwenda utumboni. Kumbe uliovimba ndio mzima! Umetanuka kwa kusukuma usiku na mchana mlango usiofunguka.

Mwaka 1920 Mwitaliano Dalla Valle alikuwa amekwisha kuona kwa hadubini kwamba kipande cha chini hakina zile seli za neva zinazouamrisha utumbo ukaze na kulegea. Mimba ikiwa changa, seli hizo husafiri toka juu kwenda chini. Zikiishia njiani, panapobaki hukaza tu. Alichokiona hakikubadilisha kazi ya wapasuaji kwa miaka mingi.

Aliyefumbua fumbo ni Orvar Swenson, Msweden aliyekulia Marekani, kwenye hospitali ya watoto ya Boston. Aligundua jambo ambalo nesi yeyote angelisema kama angeulizwa: mtoto aliyefunguliwa choo cha tumboni, yaani tundu la kutolea kinyesi, ananenepa na anacheza, ukikifunga, shida inarudi. Akapenyeza vipira utumboni kupima mawimbi ya msukumo. Mawimbi yalishuka vizuri, yakafika mahali yakakatika. Pamoja na Alexander Bill alijaribu kwanza kwa mbwa, kisha kwa watoto: akakata kile chembamba, akavuta ulio mzima hadi chini na kuushona karibu na mkundu. Walichapisha mwaka 1948. Duhamel wa Ufaransa akaja na njia yake mwaka 1956, Soave wa Italia mwaka 1964, na mwaka 1998 daktari wa Mexico, De la Torre-Mondragón, akaeleza upasuaji unaopitia njia ya haja bila kupasua tumbo.

Kwetu wengi waliletwa wamechelewa, kwa hiyo tulianza na choo cha tumboni. Dalili moja niliwafundisha madaktari wanafunzi kwa kuwavuta mkono: ukimpima mtoto huyu kwa kidole, usisimame mbele yake, maana ukikitoa, hewa na kinyesi hufyatuka. Asiyesikia alibadilisha koti. Mifuko ya kinyesi ilikuwa haba. Akina mama walichana kanga, wakakunja vipande, wakafua, wakaanika dirishani. Kijinyama cha utumbo kikipelekwa maabara kupimwa tulisubiri majibu wiki nyingi, na yupo mtoto ambaye majibu yake yalimkuta amekwisha kuzikwa.

Waliovutwa utumbo tuliwasubiri wapate choo, wodi nzima. Siku ya tatu, ya nne. Alfajiri moja mama aliyelazwa na mwanawe alitoka mbio kwenye korido, nepi wazi mikononi, akimwonyesha kila mtu, hadi mlinzi wa getini. Mlinzi akaangalia ndani, akasema, "Hongera, mama."