Polishi na Waksi Si Kitu Moja: Rada ya Kung'arisha Ndai kwa Mkono Ukiwa Litein

Kama uko na ndai Litein, hii story unaijua. Asubuhi umeiosha, inang'ara hadi unajiona kwa mlango. Mchana mvua inashuka, unashika barabara ya marram kuelekea kituo cha kupima majani chai, na jioni gari ni nyekundu hadi kwa madirisha. Kesho yake unaambia msee wa carwash, "Niwekee polishi kidogo." Wiki mbili baadaye, tena. Unadhani unaitunza, kumbe mos mos unaimaliza.

Shida ni kuchanganya vitu viwili. Polishi inatoa. Waksi inaweka. Shika hiyo kwanza, ingine yote itaingia.

Rangi yako iko na kikomo

Ndai nyingi tunazoendesha siku hizi ziko na praima chini, rangi katikati, halafu vanishi isiyo na rangi juu. Mafundi huiita klia. Hiyo ndiyo inapigana na jua, mvua na mikwaruzo. Kwa magari mengi unene wake ni kama maikroni 30 hadi 50. Karatasi ya kuandikia huwa karibu maikroni 100. Yaani kinga yote ya rangi yako ni nusu karatasi, ama chini ya hapo.

Polishi iko na chembe ndogo sana zenye zinasaga hiyo klia hadi kingo za mikwaruzo zikuwe laini, ndiyo mwanga urudi vizuri. Ukipolishi kwa mkono mara moja, unatoa kidogo tu. Ukirudia kila wiki mbili na ile polishi nzito ya kukata, siku moja klia inaanza kubambuka kwa boneti na paa. Hapo hakuna polishi ya kukuokoa, ni kupuliza rangi upya. Na siku ya kuuza, mnunuzi akiona paneli imepulizwa, swali la kwanza ni, "Hii iligongwa wapi?" Bei inashuka hapo hapo.

Waksi haisagi kitu. Inakaa juu ya klia kama koti la mvua. Ile ya asili inayojulikana sana inaitwa carnauba, inatoka kwa majani ya mti fulani wa Brazil wa familia ya mnazi. Ule mti huyapaka majani yake hiyo nta ndiyo yasikauke na jua. Huku kwetu juu jua huchoma kuliko watu wanavyodhani juu ya baridi, na mvua haiishi, so koti ni lazima.

Cheki kwanza, shika kitambaa baadaye

Usianze kusugua kabla ya hizi test:

- Mwaga maji kwa boneti. Yakijikunja matone matone na kuteleza, waksi bado iko. Yakitandaa na kukaa, imeisha.
- Vaa karatasi ya mkate mkononi, pitisha vidole juu ya rangi ikiwa safi. Ukisikia kama msasa, kuna uchafu umeshikana. Huo unatolewa na udongo maalum wa kusafisha rangi, na si ule wa shamba, buda.
- Pitisha ukucha kwa mkwaruzo. Ukucha ukikwama, polishi haitautoa.
- Sugua kidogo mahali pamejificha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, juu hakuna klia, unasaga rangi yenyewe. Enda pole.

Kazi yenyewe

1. Toa matope kwa maji mengi kabla ya kugusa. Ukipangusa matope makavu na kitambaa, hiyo ni msasa unapitisha.
2. Osha na shampuu ya gari. Sabuni ya unga ya nguo inaondoa waksi yote. Tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na ingine ya kusuuza sponji.
3. Kausha na kitambaa laini cha maikrofaiba. Kikianguka chini, weka kando. Punje moja ya mchanga inatosha kuharibu mlango mzima.
4. Ingia kivulini, na ungoje bodi ipoe. Kwa vile huku mvua hupenda kuja mchana, piga kazi asubuhi.
5. Polishi ni kama tu rangi imefifia ama iko na mikwaruzo midogo. Anza na ile laini zaidi. Weka tone dogo kwa sponji, fanya eneo dogo kama ukubwa wa sinia, kisha futa. Kingo za milango usizikazie, hapo klia huwa nyembamba.
6. Maliza na waksi. Paka tabaka nyembamba sana, kama mafuta kwa ngozi. Ngoja ikuwe ukungu. Pitisha kidole, kama haivutiki, futa na kitambaa safi. Ukipaka nyingi hupati ulinzi zaidi, unapata tu kazi ya kufuta.

Epuka plastiki nyeusi, kama zile bampa za Probox zenye hazijapakwa rangi. Waksi ikikauka hapo inaacha alama nyeupe, na kuitoa ni wera ingine. Na kama gari ni ile ya rangi isiyong'aa, usiipolishi kabisa.

Vitu za kuhepa

Mafuta ya taa na dizeli. Ndiyo, gari itang'aa, lakini hiyo ni filamu ya mafuta tu. Inavuta vumbi na kuharibu mipira ya milango.

Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti usingoje Jumapili. Loweka na maji, toa pole pole siku hiyo hiyo.

Na usidanganywe: hakuna waksi ya kuzuia mvua ya mawe, na hii Kericho tunaijua. Hiyo dawa yake ni kuegesha chini ya paa.

Ratiba ya kukaa nayo

Carnauba huku inaweza kukaa wiki kadhaa tu. Zile za kutengenezwa kiwandani hudumu miezi. Fuata test ya maji, si kalenda. Waksi weka kila ikiisha. Polishi ngoja hadi rangi yenyewe iitishe, na mara nyingi hata mwaka utaisha kabla iitishe.

Na wewe mwenye unakula kwa hii kazi ya carwash, mteja akikuambia "niwekee polishi", mwonyeshe test ya maji kwanza. Mara nyingi anataka waksi, ni vile tu hajui jina. Ukimwambia ukweli ndai yake itadumu, na wewe atakuwa anakutafuta.