Pesa, Hela na Nukta ya Desimali

Pesa na hela, maneno tunayoyatumia leo kwa maana moja, hayakuzaliwa katika hesabu moja. Pesa ni ya rupia ya Kihindi, iliyogawanyika katika pesa 64. Hela ni Heller ya Wajerumani, ambao mwaka 1904 waliiacha ile 64 na kuigawa rupia ya koloni lao katika hela 100. Waingereza nao walianza kutoa senti, 100 kwa rupia, mwaka 1906, na shilingi ya mwaka 1921 ikairithi mia hiyo. Kwa watu wengi, basi, desimali ilifika sokoni kabla ya kufika ubaoni. Ndiyo maana mwalimu wa darasa lenye wanafunzi wa rika mbalimbali, kama la MEMKWA (mpango wa Tanzania wa elimu ya msingi kwa waliokosa), ambako kijana aliyekwishauza karanga barabarani huketi na mtoto asiyewahi kushika chenji, hukimbilia mfano wa fedha. Hakosei kuanzia hapo. Kosa ni kuishia hapo.

Shilingi na senti hazimfundishi mtu thamani ya nafasi; zinamfundisha kuhesabu mafungu mawili. Anayesoma 2.50 kama shilingi mbili na senti hamsini ameifanya nukta kuwa uzio: huku shilingi, kule senti. Mpe 2.5 na 2.45 alinganishe, atakwambia 2.45 ndiyo kubwa, kwa kuwa 45 inaishinda 5. Hajazembea; amefuata sarafu. Majina ya sarafu zenyewe hayakujali nafasi: senti 50 iliitwa sumuni, neno lenye maana ya sehemu ya nane, ilhali ni nusu ya shilingi. Katika mfano huu wa fedha namba hasi zimebahatika kuliko desimali, maana anayedaiwa 500 akalipa 300 anajua bila kufundishwa kwamba yuko chini ya sifuri kwa 200.

Atatokea wa kuuliza: mbona wachuuzi wa vizazi vyote hivyo walipiga hesabu bila kupunjwa? Ni kweli, na ustadi wao si wa kubezwa. Lakini ulitosha kwa sababu sarafu haikuwadai zaidi ya tarakimu mbili baada ya nukta. Wape 0.375, sarafu inanyamaza. Inayojibu ni jedwali la mamoja, sehemu za kumi, sehemu za mia na sehemu za elfu, ambamo kila hatua ya kwenda kulia hugawa kwa kumi.

Tena mfano wenyewe umechakaa. Tanzania ilipotoa shilingi yake mwaka 1966 ilikuwa na sarafu za senti. Leo mtoto hazioni dukani, na kumfundishia desimali kwa sarafu hizo ni kumweleza kisichojulikana kwa kisichoonekana. Kilichobaki mkononi mwake ni rula. Sentimita moja ina milimita kumi, na kwenye rula hiyo 2.5 iko mbele ya 2.45, mkubwa na mdogo wote wakiona.