Wamesuluhishana, mbona kesi haijaisha?

Miaka kadhaa iliyopita, kijana mmoja wa ukoo wetu kutoka upande wa Msambweni alinipigia simu asubuhi mapema. "Shikamoo mjomba. Kwani hawa watu wanataka nini? Sisi tumeshamalizana!"

Kisa chake kilikuwa hivi. Aligombana na mkewe, akampiga. Mke akapiga ripoti kituoni, mume akashtakiwa kwa kumshambulia na kumjeruhi, akatoka kwa dhamana. Kesi ikiendelea, wazee wa pande mbili waliketi. Ikaamuliwa waachane kwa wema. Talaka ikapita kwa kadhi, masurufu ya watoto yakaandikwa, fidia ikalipwa, dua ikasomwa na kahawa ikanywewa. Kijana akaona yamekwisha. Siku ya kesi ilipofika hakwenda mahakamani, akaenda zake Diani kutafuta riziki. Hakimu akatoa waranti ya kumkamata.

"Lakini mwenye kesi ameshasamehe," alinililia. Neno hilo "mwenye kesi" limekaa nami tangu siku ile, na ndilo linalonifanya niandike makala haya. Kesi ni ya nani? Swali lenyewe ni la sheria, naam, ila mizizi yake imo katika historia ya Pwani Kusini na katika lugha yetu.

Tuanze kwenye kaya. Wadigo na Waduruma, kama Wamijikenda wengine, waliamulia mashauri yao mbele ya wazee. Kwa Wadigo baraza la wazee likiitwa ngambi. Shauri, hata la damu, lilikuwa baina ya ukoo na ukoo, na fidia ya damu, yaani kore, ilitoka kwa ukoo wa mkosa ikaenda kwa ukoo wa mkosewa. Hapakuwa na mtu wa tatu aitwaye Serikali anayedai haki yake kando. Koo zikiridhiana, shauri limekufa. Kumbuka pia kwamba Wadigo walifuata ukoo wa kikeni, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake. Kijana yule aliponiita mjomba hakuwa akinitania. Alikuwa akimwita yule ambaye zamani angesimama mbele ya ngambi kumtetea.

Kisha Uislamu ukaenea miongoni mwa Wadigo, hasa mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nao ukaja na kadhi na neno la Kiarabu sulhu, ambalo Kiswahili kililifanya suluhu. Katika mafundisho ya dini hiyo, Sura ya Nisaa inaagiza kwamba mume na mke wakikhitilafiana, ateuliwe mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke. Desturi ya wazee na agizo la dini zikakutana vizuri. Mpaka leo, kabla ya mke kufika kwa kadhi wa Kwale au kwengineko, mara nyingi wazee wameshaketi.

Mkoloni alipokuja alikuta mambo hayo. Tarehe 14 Desemba 1895, Uingereza na Sultani wa Zanzibar walitia saini mkataba kuhusu ukanda wa pwani wa maili 10, na kwa mujibu wa mpango huo mahakama za Kiislamu ziliendelea. Kanuni za mwaka 1897 zikaweka mahakama za liwali, kadhi na mudir chini ya usimamizi wa Waingereza. Lakini makosa ya jinai yalitawaliwa na sheria iliyoletwa kwa meli kutoka Bombay. Naam, Kanuni ya Adhabu ya India na Kanuni ya Mwenendo wa Jinai ya India ndizo zilizotumika hapa petu.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni ile ya India ilikuwa na orodha ya makosa ambayo aliyekosewa mwenyewe aliruhusiwa kuyasuluhisha, likiwamo la kumuumiza mtu maumivu madogo. Kwa hiyo, katika miaka ile, neno la kijana wangu lisingekuwa la kipumbavu hata kidogo. Kwa makosa kama hayo, mwenye kesi alikuwa mwenye kesi kwelikweli.

Mwaka 1930 mambo yakageuka. Kenya ikapata Kanuni yake ya Adhabu na ya Mwenendo wa Jinai, zilizojengwa kwa mtindo wa Kiingereza. Orodha ya India ikaondoka. Mahali pake tulibakiwa na milango mitatu, ambayo ingali wazi. Kifungu cha 176 kinamruhusu hakimu kuhimiza upatanisho katika kesi ya shambulio la kawaida au kosa jingine la kibinafsi lisilo kubwa, kwa fidia au masharti ambayo mahakama yenyewe imeyaidhinisha. Kifungu cha 204 kinamruhusu mlalamishi kuomba kuondoa malalamiko kabla ya uamuzi wa mwisho, ila ni lazima airidhishe mahakama kwamba ana sababu za kutosha. Kifungu cha 87 kinamruhusu kiongozi wa mashtaka kujiondoa katika mashtaka, kwa idhini ya mahakama. Msomaji ataona kwamba katika milango yote mitatu ufunguo haumo mkononi mwa mke, wala wa mume, wala wa wazee. Anao hakimu.

Uhuru ulikuja na makubaliano ya Oktoba 1963 ya kulinda mahakama za kadhi, kisha Sheria ya Mahakama za Kadhi ya mwaka 1967. Kadhi akabaki na ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu kwa Waislamu wanaokubali mamlaka yake. Katiba ya 2010 inasema hivyo pia katika Kifungu cha 170. Jinai haimo. Basi kadhi anaweza kuivunja ndoa ya asubuhi, na jioni yake kesi ya kumpiga mke ikawa bado hai mahakama ya pili, pengine jengo la jirani.

Sasa turudi kwenye lugha, maana hapa ndipo tunapojikwaa. Sisi watu wa Pwani tunasema mke "amemshtaki" mumewe kwa kadhi. Tunasema pia mke "amemshtaki" mumewe polisi. Kitenzi ni kimoja, lakini kwa kadhi mke ndiye mdai na daawa ni yake. Akitaka kuiondoa ana nafasi kubwa. Kwa polisi yeye ni mlalamishi na shahidi tu. Jalada la kesi huandikwa "Jamhuri dhidi ya" fulani. Mshtaki ni Jamhuri. Tungekuwa na mazoea ya kusema "mke amepiga ripoti, Jamhuri imemshtaki mume," huenda kijana yule asingekwenda Diani siku ile.

Mtego wa pili ni neno "kuachiliwa". Magazeti yetu huandika kwamba mshtakiwa "ameachiliwa huru" bila kupambanua. Mlalamishi akiruhusiwa kuondoa malalamiko chini ya Kifungu cha 204, mshtakiwa huondolewa hatia. Kesi ile hairudi. Lakini kiongozi wa mashtaka akijiondoa chini ya Kifungu cha 87 kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mshtakiwa anaachiliwa tu, na anaweza kushtakiwa tena kwa jambo lile lile. Mimi napendekeza tuseme "kuondolewa hatia" kwa la kwanza na "kuachiliwa" kwa la pili, bila kuchanganya. Mtu asidhani amevuka mto kumbe bado yumo kwenye mtumbwi.

Na neno suluhu nalo? Kifungu cha 159 cha Katiba kinaagiza mahakama zikuze upatanisho, usuluhishi na njia za jadi za kutatua migogoro, mradi zisikiuke Sheria ya Haki za Binadamu wala kuleta dhuluma. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, Nairobi, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Mohamed Abdow Mohamed, ilikubali kusitisha hata mashtaka ya mauaji baada ya familia mbili kusuluhishana kwa mila na dini yao. Wanasheria wakashtuka. Mahakama nyingine baadaye zikakataa kufuata njia hiyo katika kesi za mauaji. Kwa makosa ya ngono hakuna ubishi: Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 haiwaachii wazee wala familia uamuzi wa kusitisha kesi.

Ajabu ni kwamba India yenyewe, tuliyoazima sheria yake, imezunguka ikarudi hapa hapa. Mwaka 1983 iliweka kosa jipya la ukatili wa mume na jamaa zake kwa mke, na kosa hilo haikuliweka katika orodha ya yanayosuluhishwa. Wenye ndoa wakawa wanasuluhishana na kuachana huku kesi zikibaki. Mahakama ya Juu ya India, katika hukumu za mwaka 2003 na 2012, ikasema Mahakama Kuu za majimbo zinaweza kufuta mashtaka ya namna hiyo ikiwa wahusika wamepatana kwa hiari, lakini si kwa makosa mazito kama mauaji na ubakaji.

Je, basi sheria yetu inawatesa watu bure kwa kumweka hakimu mlangoni? Kwa muda mrefu nilidhani hivyo. Aliyenibadilisha ni mke mwenyewe katika kisa hiki. Nilikwenda naye mahakamani siku aliyoomba kuondoa malalamiko. Hakimu alimuuliza, kwa Kiswahili chepesi: umelipwa ngapi? Nani amekuambia uje? Umetishwa? Mama yule akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimekuja mwenyewe. Lakini hii ni mara ya kwanza mtu kuniuliza."

Maneno hayo yalinichoma, maana nami nilikuwa miongoni mwa wazee walioketi. Tulimuuliza mume anataka nini. Tulimuuliza baba yake binti. Yeye tulimpa habari tu. Mwanaanthropolojia Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998 kuhusu mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi, alionyesha jinsi mwanamke wa Pwani anavyotarajiwa kuvumilia na kutotoa siri za nyumbani, na jinsi mahakama ilivyokuwa mahali pa nadra ambapo angeweza kusimulia. Nilikuwa nimekisoma na kukifundisha. Katika baraza letu nikakisahau.

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Ni hekima, lakini wahenga hao hao walisema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Suluhu ya kweli inahitaji methali zote mbili.

Kijana wangu alijisalimisha, akaeleza, waranti ikafutwa, na hatimaye malalamiko yakaondolewa kwa idhini ya mahakama. Siku hizi wazee wa ukoo wakiniita katika baraza la wenye ndoa, naomba mambo mawili kabla ya kahawa. Kwanza, binti aulizwe peke yake, na mwanamke mwenzake. Pili, makubaliano yakishaandikwa, yapelekwe mbele ya hakimu siku ya kesi, na mume afike yeye mwenyewe kwa miguu yake.