Nyumba ya babu, pombe ya bibi

Kwetu tuna nyumba moja ya urithi, iko Ilala. Nyumba ya Kiswahili hasa: vyumba sita, korido katikati, ua nyuma, bati limekula kutu. Tangu nipate akili naambiwa ni "nyumba ya babu", aliyekuwa kuli bandarini. Mwaka huu kaja mnunuzi anataka kuporomosha ghorofa, na hapo ndipo moto ulipowaka. Baba wadogo walisema nyumba ya baba hugawana wanaume. Shangazi mkubwa, ambaye huwa hasemi kitu vikaoni, akasimama: "Hii nyumba alijenga mama." Watu wakacheka. Kikao kikaahirishwa.

Mwenzenu ni mwandishi wa habari. Kila siku nawauliza wakubwa maswali magumu, halafu ya nyumbani kwetu siyajui! Basi Jumamosi moja nikafunga safari ya kuutafuta ukoo wangu mitaani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa majina. Shangazi aliniambia babu alipoingia Dar alipanga chumba Kichwele, si mbali na New Street. Tafuta hiyo mitaa leo uone kama hutazeeka njiani. Kichwele ndiyo Uhuru. New Street ndiyo Lumumba, pale ilipozaliwa TANU Julai 7, 1954. Acacia Avenue ilikuja kuwa Independence, kisha Samora. Hata Kariakoo ni Carrier Corps iliyotafunwa na midomo yetu, yaani kikosi cha wapagazi wa Waingereza, waliouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916. Ukitaka kumfuata babu yako Dar, lazima uwe na ramani mbili kichwani.

Na ramani ya zamani ilikuwa na mipaka. Mzungu aliishi Uzunguni, Mhindi Uhindini, Mswahili ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Kile kiwanja unachokatiza leo ukiwahi daladala kiliachwa wazi makusudi, kututenga. Hata glasi ilikuwa na mpaka: kwa sehemu kubwa ya ukoloni, Mwafrika alipigwa marufuku kunywa pombe kali za Kizungu. Yake ilikuwa pombe ya kienyeji. Na pombe ya kienyeji, jamani, walipika akina mama.

Nikaingia grosari moja Ilala, nyuma ya mitaa ya kwetu, nikaagiza soda na kuwanunulia wazee watatu bia. Nikajitambulisha. Mmoja, umri wake umepita themanini, akanitazama sana.

"Babu yako namkumbuka. Mtu mpole. Lakini sisi pale kwenu hatukwenda kwa babu yako, mjukuu wangu. Tulikwenda kwa bibi yako."

Wenzake wakaangua kicheko. Mimi nikakaa kimya. Bibi ninayemkumbuka ni mama wa jumuiya, rozari mkononi, hataki hata kusikia harufu ya bia.

Jioni nikarudi kwa shangazi. Akaniambia yote, tena taratibu, kama mtu anayetua mzigo. Bibi alipika pombe miaka mingi. Kupika bila kibali lilikuwa kosa, kwa hiyo polisi walipoonekana mtaani, kazi ya shangazi, akiwa mtoto, ilikuwa kufukia mtungi uani na kukaa juu yake akijifanya anacheza. Bibi aliwahi kulala rumande. Alipotoka, alipika tena.

Nikakumbuka hadithi tunayoringia kwenye kila msiba na kila harusi: babu alikuwemo kwenye mgomo wa makuli wa Septemba 1947, ule ulioanzia bandarini ukasambaa hadi bara kwa njia ya reli. Ni kweli na ni heshima. Lakini kuli wa kibarua alilipwa kwa siku. Meli isipokuwepo, hakuna kitu. Na siku za mgomo, hakuna kitu kabisa. Sasa nyumbani walikula nini? Na mtu wa kipato cha namna hiyo alinunua lini bati la vyumba sita?

Historia yetu ya jiji ina makuli, wanasiasa na wanamuziki. Wote hao walikunywa mahali fulani, na nyuma ya mahali hapo kulikuwa na mwanamke mwenye mtungi. Yeye hana mtaa wenye jina lake. Kwetu hata ndani ya familia tulimfuta, tukidhani tunamstahi.

Kikao cha pili niliomba kusema. Nikaeleza niliyoyasikia. Baba mdogo mmoja akang'aka, "Maneno ya walevi ya grosari ndiyo ushahidi?" Nikamjibu kwa swali tu: bati alinunua nani? Hakuna aliyejibu. Ndipo baba yangu, aliyekuwa ameinamisha kichwa muda wote, akasema polepole, "Nilikuwa nabeba machicha kwenda kuyatupa kabla ya shule. Nilimwomba Mungu wenzangu wasinione."

Hatujamaliza kugawana. Kikao cha tatu ni mwezi ujao, na safari hii shangazi zangu wote watatu wameitwa. Nyumba huenda ikavunjwa, hilo sina uwezo nalo. Ila ikivunjwa, naomba isivunjwe kwa jina la uongo.

Wewe msomaji, wazee wako bado wapo? Wanunulie soda, au bia kama wanakunywa. Waulize mapema.