Nasaba ya Baba, X ya Mama



Hapa Matrah, kwenye ufukwe unaoelekea Bandari ya Sultan Qaboos, Kiswahili hakijapotea. Bandari yenyewe ilifunguliwa 1974, na mwaka 2014 shughuli za makontena zikahamishiwa Sohar, sasa tunaona zaidi meli za watalii. Lakini wazee waliotoka Unguja, Pemba na Mombasa bado wanakutana jioni, na mazungumzo hayakawii kufika palepale: wewe bin nani? Wako wanaokutajia baba saba kwa pumzi moja. Sasa muulize huyo huyo jina la mama yake babu yake. Kimya.

Mimi nadhani kimya hicho ni suala la historia, na elimu ya jeni inatusaidia kulitazama.

Mwanamume ana kromosomu X moja na Y moja, mwanamke ana X mbili. Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume tu. X ya mwanamume hutoka kwa mama yake, hana pengine pa kuipata. (Tangu 1905 Nettie Stevens, mwanamama wa Kimarekani, alionyesha kwamba mbegu ya dume ndiyo inayoamua jinsia, na bado wapo mabwana wanaowalaumu wake zao kwa kuzaa mabinti watupu!) Basi nasaba zetu za bin fulani bin fulani zinapita njia ileile ya Y. Hebu tupige hesabu. Kizazi cha baba wa saba kina nafasi 128 za wazazi. Aliyekupa Y ni mmoja tu. Walioweza kukupa sehemu ya X yako, kama wewe ni mwanamume, ni 21, na kati yao 13 ni wanawake. Kwetu sisi tunaooana binamu wengine watajirudia, lakini hoja ni ile ile: mzee wa baba saba amehifadhi uzi mmoja wa nguo nzima.

Chukueni ukoo unaojulikana kuliko yote. Sayyid Said bin Sultan alipofariki 1856, watoto aliowaacha walikuwa wa masuria. Majid, aliyetawala Zanzibar 1856 hadi 1870, mama yake alikuwa wa Kicherkesi. Barghash, aliyemfuata hadi 1888, mama yake Mhabeshi. Ndugu wa baba mmoja, Y moja, lakini X ya mmoja imetoka Kaukasi na ya mwingine imetoka Uhabeshi. Vitabu vinawaita wote Al-Busaidi na vinaishia hapo. Tunawajua baadhi ya mama hao kwa sababu Sayyida Salme, binti wa Said, aliandika kumbukumbu zake, zikachapishwa Ujerumani 1886, na humo akamtaja mama yake mwenyewe, Jilfidan. Alihitajika mwanamke kufanya kazi hiyo.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 waliozikwa kwenye miji ya pwani, ikiwemo Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara, na mji mmoja wa bara. Chapurukha Kusimba na David Reich walikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ile. Kwa wengi wao, zaidi ya nusu ya DNA ilitoka Afrika, na hasa kwa wanawake, na upande wa Asia ulitoka hasa kwa wanaume wa Kiajemi, pamoja na mchango wa Kihindi. Mchanganyiko ulianza karibu na mwaka 1000, na baada ya 1500 asili ya Kiarabu ikazidi. Mara ikazuka kelele: huku “tumeambiwa sisi ni Waajemi,” kule “tumeambiwa sisi ni Waafrika.” Jamani, kila upande umesoma kromosomu moja! Hadithi ya Washirazi wa Kilwa imepata ushahidi wake kwenye Y, lakini lugha tunayoandikia hapa ni ya Kibantu, na watoto hujifunza lugha kwa mama.

Na X haikai kimya kama vitabu. Jeni ya G6PD iko juu yake. Hapa Oman uchunguzi uliotolewa 2003 uliona upungufu wa G6PD kwa asilimia 25 ya watoto wa kiume na 10 ya wa kike. Msichana ana X ya pili ya kumsitiri. Wengi ni wazima mpaka wale maharage mapana, yaani ful, au wapewe dawa kama primakwini, ndipo chembe nyekundu zinapovunjika na mkojo kuwa mweusi. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliandika mwaka 1960 juu ya upungufu huu kwa watu wa Afrika Mashariki, akiuhusisha na kinga dhidi ya malaria. Hapa Oman, aina inayoongoza ni ile ya Mediterania, lakini ile ya Kiafrika, A-, nayo ipo. Imefika kwa jahazi, ndani ya watu ambao shajara hazikuwaandika, wengine wao hawakupanda kwa hiari.

Kwa hiyo mtoto wa kiume akipatikana na upungufu huu, hata kama baba anao, hakuupata kwa baba. Familia ikitaka kujua umetoka wapi, iulize habari za wajomba, kisha za bibi mzaa mama, na mama yake bibi huyo. Wenye majina ya bibi zao na waanze kuyaandika, nami nayangojea.

Wassalaam.