Kina cha Maji na Kina cha Udongo wa Uluguru

Yapo maneno ya Kiingereza ambayo mfasiri hawezi kuyapokea kwa mkono mmoja, na miongoni mwayo ni kielezi "deeply", maana Mwingereza hulitumia neno hilo moja kwa kulima, kulala, kupenda na kuhuzunika, ilhali Mswahili husema usingizi wa pono, mapenzi ya dhati na huzuni kuu. Hilo "kwa kina" ambalo wasomi wa zama hizi hulipachika kila mahali (kupita kiasi, kwa rai yangu) lilikuwa zaidi la mabaharia, waliopima maji kwa bildi kabla ya kutia nanga.

Maneno ya pwani yalifika Morogoro pamoja na misafara ya Bagamoyo, iliyopita penye mji wenye boma aliouasisi Kisabengo, Mzigua, na ambao Stanley aliukuta mwaka 1871 chini ya binti yake, Simbamwene. Lakini kwa Waluguru waliokaa juu milimani, chenye kupimwa kina kilikuwa udongo, na kipimo chake jembe.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza, ikihofu mmomonyoko, ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, na wenyeji wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi miteremkoni. Hofu yenyewe haikuwa batili, kwani maji ya milima ile ndiyo yaujazayo Mto Ruvu. Ila udongo wenye rutuba mahali pengi ni tabaka jembamba, na mwenye kuchimba ngazi aliufukia huo akautoa juu ule wa chini, usiostawisha mazao. Isitoshe, ardhi ilikuwa ya ukoo wa upande wa mama, na aliyelima shamba la kuazima kwa kulipa ngoto hakuwa na yakini kwamba jasho lake lingebaki kwake. Maafisa waliyaita haya ukaidi. Sina shaka kwamba waliutafiti mmomonyoko kwa kina. Walichopuuza ni ilimu ya wale waliouvunja udongo ule kila masika.

Mwezi Julai 1955 zikazuka ghasia, polisi wakafyatua bunduki, na mtu mmoja akauawa. Chama cha TANU, kilichokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, kikapata masikio ya watu milimani, na serikali ikauacha mpango wa matuta.